Milisekunde Tatu: Distributa na Koili Ndani ya Injini ya Kasi

Saa mbili na nusu usiku, katika gereji moja ya Gerezani, Dar es Salaam, taa zote zilizimwa kwa makusudi. Celica GT-Four ya mwaka 1994 ilikuwa inaunguruma taratibu, boneti juu. Fundi mzee alichukua chupa ya kunyunyizia maji, ile ya kupigia pasi, akarusha ukungu mwembamba juu ya distributa. Hapo tukaona wote. Kwenye ile kofia nyeusi ya plastiki, uzi wa buluu ulichomoza kutoka kwenye mnara wa waya mmoja, ukatambaa hadi kwenye boliti ya chuma, ukapotea, ukarudi. Injini ikakohoa.

"Umeona, mwanangu?"

"Nimeona, mzee."

Mwenye gari alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na alikuja na agizo lililokamilika kichwani: distributa itolewe, koili nne ziwekwe juu ya plagi. Gari lilikuwa linamisi kila turbo inaposhika, na kila aliyemuuliza alimwambia ugonjwa ni teknolojia ya kizamani. Mzee hakumpinga. Alimwambia tu kwamba kabla ya kumwondoa mtu kazini, ni haki kujua kosa lake ni lipi.

Nilikaa hadi gereji inafungwa, kwa sababu mjadala huo nimeusikia miaka mingi, na mara nyingi unaanza pabaya. Watu wanabishana cheche ipi ni kubwa. Nijuavyo mimi, linalotenganisha mifumo hii miwili ndani ya injini ya kasi ni muda: koili inapata muda gani wa kujaa, na cheche inaruka kwa wakati sahihi kiasi gani. Ukubwa wa cheche ni matunda ya hayo mawili.

Distributa, kama jina lake linavyosema, ni mgawaji. Koili moja inatengeneza umeme wa volti elfu nyingi. Umeme huo unaingia katikati ya kofia, unapita kwenye rota inayozunguka, na rota inaurusha kwenye mnara wa silinda ambayo zamu yake imefika. Shafti yake inazunguka nusu ya kasi ya krenki, kwa kuwa kila silinda huchoma mara moja katika mizunguko miwili. Charles Kettering na wenzake wa Delco ndio walioiingiza mitambo ya kuwashia kwa betri kwenye Cadillac za mwaka 1910, na wazo hilo likaendesha magari ya dunia kwa miongo minane. Kwanza pointi za chuma ndizo zilizokata na kuunga umeme. Katika miaka ya 1970 transista zikachukua kazi ya pointi. Rota na kofia vikabaki palepale.

Mjomba wangu alikuwa na Peugeot 404. Kwenye dashibodi yake kulikuwa na kipande cha msasa na kadi ya boksi la sigara. Gari likisumbua njiani, alifungua kofia ya distributa, akasugua pointi kwa msasa, akapima mwanya kwa ile kadi, akafunga, tukaondoka. Hakuhitaji kompyuta wala fundi. Ninaposema naiheshimu distributa, nasema kwa kumbukumbu hiyo.

Sasa turudi kwenye muda. Chukua koili kama ndoo, na umeme wa betri kama bomba linalotiririka. Ndoo haijai papo hapo. Koili nyingi za magari huhitaji milisekunde tatu hivi, au zaidi kidogo, kufikia nguvu yake kamili. Kwenye gari lenye distributa ndoo ni moja na nyumba ni nyingi: inajazwa, inamwagwa nyumba ya kwanza, inarudi bombani, inajazwa, inapelekwa ya pili. Injini ikienda polepole, ndoo inajaa hadi inafurika. Injini ikikimbia, foleni inaisubiri kabla haijajaa.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Injini ya silinda sita ikizunguka mara 6,800 kwa dakika inahitaji cheche 340 kila sekunde. Kutoka cheche moja hadi nyingine ni milisekunde 2.9, na humo humo cheche yenyewe inahitaji nafasi ya kuwaka. Ndoo inaondoka bombani ikiwa nusu na ushei. Lakini ukiipa kila silinda koili yake, kila koili inapata zaidi ya milisekunde 17 kati ya kazi moja na nyingine. Bomba ni lilelile, ila sasa kila nyumba ina ndoo yake na ndoo inajaa.

Toyota wenyewe walitoa ushahidi wa jambo hili kwenye gari moja. Supra iliyotoka mwaka 1993 iliuzwa na injini mbili za familia moja, zote za silinda sita na ujazo uleule wa sentimita za ujazo 2,997. Ile isiyo na turbo, 2JZ-GE, ilipewa distributa. Ile ya turbo mbili, 2JZ-GTE, ilipewa koili sita, moja kwa kila plagi. Kama distributa ingetosha kote, mhasibu yeyote angeichagua, maana ni rahisi zaidi. Waliotengeneza injini walijua turbo inadai nini. Nissan walikuwa wameshafanya hivyo mwaka 1989 kwenye RB26DETT ya Skyline GT-R: silinda sita, koili sita.

Turbo inadai nini basi? Cheche inaruka kwenye mwanya mdogo wa plagi, na hewa iliyo kwenye mwanya huo ndiyo inayoizuia. Hewa ikishindiliwa, kizuizi kinakuwa kikubwa, na volti zinazotakiwa zinapanda. Turbo inapoongeza baa moja ya presha, silinda inapokea karibu mara mbili ya hewa ya kawaida, halafu pistoni inaibana zaidi. Koili iliyojaa nusu haifiki. Na umeme ulioshindwa kuruka kwenye plagi haukai kimya. Unatafuta ufa kwenye kofia, unatafuta waya uliochoka, unatafuta boliti. Ndiyo maana Celica ile ilikuwa nzima ikiwa inatambaa mjini, na ikamisi pale tu turbo iliposhika. Ndiyo maana pia mafundi wa injini za turbo hupunguza mwanya wa plagi, kutoka milimita 1.1 ya kiwandani hadi 0.7 hivi: wanaipunguzia cheche mto wa kuvuka.

Hata hivyo ningekuwa nadanganya kama ningesema distributa haiwezi mizunguko mikubwa. 4A-GE ya valvu 20, ile yenye mfuniko mweusi ambayo vijana wengi wanaiota, ilitoa nguvu farasi 165 kwenye mizunguko 7,800, na ilitoka kiwandani na distributa yake. Ni injini ya silinda nne isiyo na turbo. Kwenye mizunguko 7,800 inahitaji cheche 260 kwa sekunde, yaani koili inapata milisekunde 3.8. Panabana, lakini panatosha. Na Wamarekani wanaoshindanisha V8 kubwa waliikwepa foleni kwa njia nyingine: badala ya kuijaza koili polepole, wanaweka boksi lenye kapasita inayojazwa kwa volti mia kadhaa na kufyatuliwa mara moja kwenye koili. Distributa inabaki, foleni inaisha. Cheche inayotoka kwa njia hiyo ni kali ila ya muda mfupi.

Kwa hiyo mtu mwenye injini ya silinda nne isiyo na turbo, anayetaka kuongeza kasi kidogo, sioni sababu ya kumtuma anunue koili nne na kompyuta mpya. Anunue kofia mpya, rota mpya na waya wa plagi wazuri, abaki na chenji.

Jambo la pili, usahihi wa wakati, ndilo lililonishika zaidi usiku ule. Mzee aliunganisha waya mfupi kati ya TE1 na E1 kwenye kiboksi cha uchunguzi, ili kompyuta ya gari iache kusogeza taimingi, akaielekeza taa ya taimingi kwenye puli ya krenki. Alama ya chaki ilionekana kwenye digrii 10, lakini haikutulia. Ilicheza, ikasogea mbele kidogo, ikarudi nyuma, kama mkono unaotetemeka.

"Hiyo siyo kofia," mzee alisema. "Hiyo ni umri."

Amri ya cheche kwenye injini hii inaanzia ndani ya distributa, ambako kuna gurudumu dogo la meno 24. Distributa inaendeshwa na kamshafti, kamshafti inaendeshwa na mkanda wa taimingi, na mkanda unaendeshwa na krenki. Kila kiungo kina ulegevu wake. Mkanda unanyooka, kiungo cha shafti kinalika, bushi inalegea. Na kwa kuwa distributa inazunguka nusu ya kasi ya krenki, kila digrii moja ya ulegevu ndani yake ni digrii mbili kwenye krenki. Meno 24 yanaipa kompyuta habari kila baada ya digrii 30 za krenki. Katikati ya jino na jino inakisia. Kwenye Toyota nyingi za kizazi cha VVT-i, sensa inasoma gurudumu lililofungwa kwenye krenki yenyewe, lenye nafasi za meno 36 huku mawili yakiachwa wazi ili kompyuta ijue mwanzo uko wapi. Habari inakuja kila digrii 10, na inatoka kwenye chuma kilekile kinachosukumwa na pistoni.

Digrii mbili zinaweza kuonekana ndogo. Kwenye injini ya turbo iliyokwishasogezwa karibu na ukomo wake, digrii mbili za mapema zinatosha kuanzisha kugonga, ule mlio kama kokoto ndani ya bati, na kugonga huko kukiachwa kunakula pistoni. Fundi anayepanga taimingi ya injini ya aina hiyo analazimika kurudi nyuma ili kujikinga na mtetemo wa distributa. Nguvu anayoipoteza hapo haionekani kwenye risiti yoyote.

Kuna somo moja zuri kutoka Marekani linaloonyesha kwamba usahihi peke yake hautoshi. Mwaka 1992 Chevrolet waliipa Corvette injini mpya ya LT1 ya nguvu farasi 300. Ndani ya distributa yake waliweka kisahani chenye matundu 360, kinachosomwa kwa mwanga, ili kompyuta ijue mahali injini ilipo kwa umakini ambao distributa za zamani haziukaribii. Wakaifunga mbele ya injini, ikiendeshwa moja kwa moja na kamshafti. Tatizo ni kwamba iliketi chini ya pampu ya maji. Sili ya pampu ikivuja, maji yalishuka juu ya kifaa kile maridadi, na unyevu ndani yake ukaanza kuharibu kila kitu. Waliboresha uingizaji hewa wake baadaye, lakini dawa ya kweli ilikuja na injini ya LS1 kwenye Corvette ya mwaka 1997: distributa ikaondoka kabisa, koili nane zikapangwa juu ya injini, kila moja na waya mfupi kwenda kwenye plagi yake.

Maji. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa na Corvette kuhusu maji. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuwa mtihani wa distributa kuliko wa kitu kingine chochote ndani ya boneti. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho, mengine yakimezwa na matope na mvua. Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda 1966 na 1967 akiwa na Peugeot 404, gari la ukoo wa lile la mjomba wangu. Joginder Singh, fundi wa kweli kabla ya kuwa dereva maarufu, alishinda mara tatu. Shekhar Mehta alishinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979. Hawa wote waliishi na distributa, na walijua kuilinda isilowe.

Halafu zikaja Celica. Kuanzia mwaka 1990 hadi 1995 Celica za turbo zilishinda Safari mara sita mfululizo: Björn Waldegård, Juha Kankkunen, Carlos Sainz, Kankkunen tena, Ian Duncan wa Kenya, kisha Yoshio Fujimoto. Injini yake ilikuwa ya familia ya 3S-GTE, ileile iliyokuwa mbele yetu Gerezani, na toleo lililouzwa madukani miaka yote hiyo lilikuwa na distributa. Ni mwaka 1997, kwenye Caldina GT-T, ambapo 3S-GTE ilipata koili juu ya plagi. Mwaka uliofuata ikaja Altezza na 3S-GE isiyo na turbo, nayo bila distributa, ikifikia nguvu farasi 210 kwenye mizunguko 7,600. Ukitaka kuona mpaka kati ya zama mbili ndani ya familia moja ya injini, unapita hapo.

Niongeze kwamba kuwasha bila distributa si jambo la jana. Citroën 2CV ya mwaka 1948 haikuwa nayo: koili moja yenye vichwa viwili iliwasha plagi zote mbili kwa pamoja, moja ikichoma mafuta na nyingine ikirusha cheche ya bure kwenye moshi unaotoka. Pikipiki nyingi za silinda moja tunazopanda kila siku zinafanya hivyohivyo, cheche kila mzunguko, moja ya kazi na moja ya bure. Abiria wa bodaboda anasafiri juu ya mfumo usio na distributa na hajawahi kuuona ni muujiza.

Na koili nazo zina magonjwa yake, ambayo wauzaji hawayataji. Koili ya juu ya plagi inaishi ndani ya kisima kirefu kwenye kichwa cha injini, palipo na joto kuliko sehemu nyingi. Raba za visima zikichoka, oili inashuka humo, inailoweka soksi ya koili, na umeme unaanza kutafuta njia ya mkato. Mtu anaosha injini kwa mpira wa presha siku ya Jumamosi, Jumatatu gari linamisi. Distributa ikiharibika kofia unaona ufa kwa macho. Koili ikifa inakaa kama nzima. Uzuri wake ni kwamba inajisema ukijua kuiuliza: unahamisha koili ya silinda ya pili kwenda ya tatu, na kama msimbo wa kosa unahama kutoka P0302 kwenda P0303, mgonjwa umempata bila kununua chochote.

Hilo mimi nililijua nikiwa nimechelewa. Altezza yangu ilipoanza kumisi, duka moja liliniuzia koili "orijino" ndani ya boksi zuri. Haikumaliza mwezi. Nilipoishika mkononi pamoja na ile ya zamani ndipo nilipogundua tofauti ya uzito. Mpya ilikuwa nyepesi kama kikopo kitupu. Tangu siku hiyo siinunui koili kabla ya kuipima mkononi dhidi ya ile niliyonayo, na namwomba kila msomaji afanye hivyo.

Wapo ambao kuondoa distributa kwao hakuna mjadala. Anayefunga 4A-GE ya valvu 20 ndani ya Corolla Levin ya AE86 anakuta injini iliyokaa kwa ubavu kwenye gari lake la asili sasa imegeuzwa kwa urefu, na distributa inagonga ukuta wa nyuma ya injini. Ama apasue bati, ama aondoe distributa. Anayeongeza presha ya turbo juu ya ile ya kiwandani naye ameshavuka mpaka. Na atakayefanya kazi hiyo asianzie na koili. Aanze na gurudumu la meno kwenye krenki na sensa iliyofungwa imara, kwa sababu koili nne nzuri zinazopokea amri kutoka kwenye distributa iliyolegea zitarusha cheche nzuri kwa wakati mbaya.

Mzee alimweleza kijana yote haya kwa sentensi chache kuliko zangu. Kisha akachukua kofia mpya, akaigeuza, akabonyeza kaboni ya katikati kwa kidole kuona kama springi yake inarudi. Akaifuta rota mpya kwa kitambaa kikavu. Ile ya zamani aliiweka juu ya benchi: ncha yake ilikuwa imeliwa, na ndani ya kofia minara minne ilikuwa na unga mweupe wenye ukijani.

"Presha ya turbo yako ni ya kiwandani?" aliuliza.

"Ya kiwandani, mzee. Nataka kuipandisha."

"Basi endesha hivi kwanza. Ukipata pesa ya kupandisha presha, njoo na pesa ya gurudumu la krenki pia. Zije pamoja."

Kijana alitoka na gari kuelekea Barabara ya Nyerere, tukalisikia likipanda gia ya pili, ya tatu, bila kukohoa. Aliporudi, mzee alizima taa tena na kushika ile chupa ya pasi. Akanyunyizia kofia mpya, mara moja, mara ya pili, maji yakachuruzika kwenye waya. Sote tuliinama juu ya injini tukitazama, na giza likabaki giza.